Kutoka Sanamu ya Askari hadi Ukonga

Niliondoka Morogoro kwa treni ya umeme ya alfajiri, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na jua lilikuwa halijapanda sana niliposhuka Stesheni, Dar es Salaam. Mwisho wa safari yangu ulikuwa Ukonga, nyumbani kwa mjomba wangu, koplo mstaafu wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, ambaye alikuwa amenipigia simu mara tatu akisema kwamba kama nataka habari za kikosi nisingoje kuzisikia matangani kwake. Kwa kuwa alitaka nifike baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa na saa kadhaa za kuzunguka mjini, nami nilizitumia kwa miguu.

Nilifuata Barabara ya Sokoine, bandari ikiwa mkono wa kulia, kisha nikapanda hadi Mtaa wa Samora, penye Sanamu ya Askari. Nimepita hapo tangu utotoni bila kuinua macho. Kwa wengi wetu pale ni mahali pa kuelekezana tu. Safari hii nilisimama. Askari wa shaba ameinama mbele, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Waingereza walimzindua mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza pamoja na wapagazi, ambao maandishi ya chini yake yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariakoo, mahali palipokuwa na kambi yao.

Kabla yake, hapo hapo ilisimama sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyetumwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa Abushiri katika pwani ya Pangani na Bagamoyo. Katika sanamu hiyo Wissmann alikuwa juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama bwana wake, simba aliyekufa akiwa miguuni. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916 wakaing'oa. Baadaye ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo askari wetu alipandishwa kutoka miguuni pa bwana hadi juu ya nguzo, ila bunduki haikumtoka mkononi, na jambo hilo lilinikaa kichwani siku nzima.

Wissmann hakuanza na watu wa hapa. Alichukua Wasudani kutoka Misri na vijana kutoka kusini, upande wa Msumbiji, akawafanya jeshi ambalo mwaka 1891 liligeuzwa rasmi kuwa jeshi la koloni. Kando yake Wajerumani waliunda kikosi cha polisi kilichokaa katika maboma ya wilaya, kikakusanya kodi, kikasindikiza wafungwa na kusimamia adhabu ya viboko ishirini na vitano ambayo wazee waliiita hamsa ishirini. Wengi wa polisi hao walikuwa wanajeshi wa zamani, na vita ilipoanza mwaka 1914 walirudishwa jeshini pamoja na wenzao chini ya kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Mpaka kati ya polisi na mwanajeshi, tangu mwanzo, ulikuwa wa kuvukwa kwa amri moja tu. Hata maneno yanashuhudia. Vyeo vya ombasha na shaushi vilikuja na Wasudani, navyo vimekwisha kusahauliwa, lakini "afande", ambalo asili yake ni la Kituruki, tunalitamka kila siku tunaposimamishwa barabarani.

Nilipanda daladala ya Gongo la Mboto pale Posta. Kutoka Kamata hadi Tazara tulitambaa, na kijana aliyekaa pembeni yangu, aliposikia ninashukia Ukonga karibu na kambi, alicheka akaniuliza kama nimefanya fujo. Herufi FFU, ambazo kikosi kilirithi kutoka jina lake la Kiingereza, Field Force Unit, watu wa mji huu walikwisha kuzifasiri zamani: Fanya Fujo Uone. Sijui tafsiri iliyofaulu kuliko hiyo katika Kiswahili cha mitaani.

Mjomba alikuwa barazani, redio pembeni. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, "Marahaba, umechelewa kama kuruta," akanikaribisha ubwabwa. Nilikuwa nimejiandaa kumhoji kuhusu siku za hatari, lakini yeye alitaka kuanza na baba yake, babu yangu mzaa mama, aliyekuwa konstebo katika jeshi la polisi la Tanganyika, lile ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1919 na makao yake ya kwanza yakawa Lushoto. Babu alisimulia kazi ya miaka ya mwisho ya ukoloni kuwa ni kungoja makuli wagome. Mgomo wa mwaka 1947 ulianzia bandarini hapa ukasambaa kufuata reli, na mwaka 1950 mgomo mwingine ukaishia kwenye ghasia na polisi wakafyatua risasi. Serikali ya mkoloni ilijifunza kwamba polisi wa filimbi na daftari hawatoshi, kwamba inahitaji watu wanaokaa kambini pamoja, wanaokula pamoja na kuondoka pamoja ndani ya lori moja.

"Hapo ndipo sisi tulipozaliwa," mjomba alisema. "Siyo kwa ajili ya mwizi wa kuku."

Kisha likaja la Januari 1964. Mapinduzi yalifanyika Unguja tarehe 12, na sehemu ya polisi wa Tanganyika ikavushwa kwenda kusaidia ulinzi huko, babu alikuwamo. Mjomba, akiwa mtoto wa miaka tisa, alibaki na mama yake kota. Alfajiri ya tarehe 20 wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, wakaingia mjini, na polisi waliobaki hawakuwa na ubavu wa kuwazuia. Mwalimu Nyerere alifichwa Kigamboni. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza walishuka kutoka manowari Centaur na maasi yakaisha, kwa aibu ambayo Mwalimu mwenyewe hakuificha. Jeshi lile lilivunjwa, na mwezi Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Polisi hawakuvunjwa. Mjomba anaamini kwamba hiyo ndiyo sababu desturi za zamani, kuanzia kwata hadi namna ya kumwitikia mkubwa, zilidumu zaidi kwao kuliko jeshini, na mimi sikuona cha kumpinga.

Kuhusu kazi yenyewe alieleza kwa mpangilio wa mtu aliyefundishwa. Kila mkoa una kikosi chake chini ya kamanda wa polisi wa mkoa. Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa Waingereza, inaruhusu ofisa kutoa tangazo la kuwataka watu watawanyike, nalo hutolewa kwa jina la Rais kama zamani lilivyotolewa kwa jina la mfalme. Baada ya hapo hufuata ngao na virungu, mabomu ya machozi, gari la maji ya kuwasha. Risasi iko mwisho. Nilimuuliza kuhusu Mwembechai, hapa hapa Dar es Salaam, Februari 1998, ambako haikubaki mwisho na watu wakafa. Alinyamaza muda mrefu, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. Halafu akasema habari za Kibiti, Aprili 2017, polisi wanane walipouawa kwa mkupuo mmoja, na kwamba alilia mbele ya wajukuu. Sikumrudisha nyuma. Nilielewa kwamba hilo la kwanza hatalijibu, na la pili alilitoa ili nisiondoke nikidhani hajui uzito wa maiti.

Jua lilipoanza kushuka tulitoka kwenda kituoni. Siku hiyo kulikuwa na mechi Uwanja wa Mkapa, na karandinga mbili zilitoka kambini, vijana wamekaa wakitazamana, kofia ngumu mapajani. Mjomba alisimama wima kandokando ya barabara, midomo ikicheza bila sauti. Nilidhani anaomba dua, hadi la pili lilipopita akanigeukia.

"Arobaini na wawili," alisema. "Mmoja hana ngao."