Mayelini si ganda tu

Tangu mama yangu apatwe na kiharusi mwaka jana, nimekuwa nikisoma kila usiku kuhusu ubongo, na jambo lililonigusa kuliko yote ni habari za mayelini, yaani utando wa mafuta ambao seli ziitwazo oligodendrosaiti huuviringisha juu ya nyuzi za neva. Shuleni tulifundishwa kwamba utando huo ni kama plastiki juu ya waya wa umeme: kazi yake ni kuharakisha ujumbe, basi.

Kumbe nao husikiliza. Mwaka 2005 na 2006 watafiti walionyesha, katika jarida la Nature, kwamba seli hizo na mayelini yenyewe zina vipokezi vya aina ya NMDA, yaani milango inayofunguka ikiguswa na glutameti, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe; awali vipokezi hivyo vilijulikana zaidi katika niuroni, yaani seli za neva zenyewe. Uzi wa neva unapofanya kazi hutoa glutameti, na majaribio ya baadaye kwa panya yakaonyesha kwamba vipokezi vikiipokea, seli huongeza milango ya kuingizia glukosi, kisha huupatia uzi laktati kama chakula. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikamtazama mama akiwa amelala.

Kwani vipokezi hivyohivyo, damu inapokosa kufika, kama katika kiharusi, na glutameti kufurika, huenda vikaruhusu kalsiamu nyingi mno kupenya ndani ya mayelini na kuiharibu. Sasa naelewa kwa nini daktari aliniuliza mara tatu saa ambayo mkono wa mama ulianza kulegea.