Nyumba mbili, majimbo mawili: jinsi suala la bastola lilivyotatuliwa

Hali ilikuwa hivi: mnunuzi mwenye nyumba mbili Marekani, kiangazi anaishi Michigan, majira ya baridi Arizona, na leseni yake ya udereva ni ya Michigan tu. Muuza silaha wa Arizona alikataa kumuuzia bastola, maana sheria ya Marekani inamruhusu kumuuzia bastola mkazi wa jimbo lake pekee. Bunduki ndefu (raifali na shotgani) zina nafuu: zinauzwa hata kwa mkazi wa jimbo jingine, mradi sheria za majimbo yote mawili zifuatwe.

Ufumbuzi umo katika tafsiri ya ukazi. Kwa serikali kuu, mwenye makazi halisi katika majimbo mawili ni mkazi wa lile alipo wakati huo. Hoteli au matembezi ya wiki mbili hayahesabiki. Lazima pawe na nia ya kuweka makazi.

Kwenye Fomu 4473, fomu ya serikali kuu anayojaza mnunuzi wa silaha, iliandikwa anwani ya Arizona. Leseni ya udereva ilithibitisha jina, picha na tarehe ya kuzaliwa, na hati ya serikali ya kodi ya majengo ikathibitisha anwani. Hati hiyo lazima iwe imetolewa na serikali, basi mkataba wa kupanga wa mwenye nyumba binafsi haukubaliki. Usijaze kamwe anwani ya jimbo usilokuwepo: kusema uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Kibali cha kubeba silaha iliyofichwa ni jambo jingine kabisa, kila jimbo na masharti yake. Michigan haitambui kibali ambacho Arizona imempa mtu asiye mkazi wake, kwa hiyo kile cha Michigan kilibakizwa.