Kufunga kipimamvua cha vibakuli na kukifanyia ugezi: uzoefu wangu

Kipimamvua cha vibakuli kina hatari moja ambayo kile cha chupa hakina: kikianza kukosea, mara nyingi hakinyamazi. Mvua ya mm 40 kinaiandika 33, namba inafika kwenye simu ikiwa safi kabisa, na anayeisoma hana sababu ya kuitilia shaka. Kwa hiyo kukisimamisha shambani kikaanza kuhesabu naona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ugezi, yaani kuthibitisha kwamba kila pinduko la kibakuli linabeba maji yale yale tunayoliandikia. Ninayoeleza hapa ndiyo namna ninayoitumia kwenye mashamba ya Morogoro, kwa vipimamvua vyenye mdomo wa duara wa mm 200 na kipimo cha mm 0.2 kwa kila pinduko.

Ndani, mambo ni machache. Maji yanaingia kwenye faneli, yanapita kwenye chujio, kisha yanadondokea kwenye kimoja kati ya vibakuli viwili vilivyokaa mgongo kwa mgongo juu ya ekseli moja, kama bembea ya watoto. Kibakuli kikijaa kinalala na kumwaga, mwenzake anainuka kupokea. Katika kupinduka, sumaku inapita mbele ya swichi ndogo ya kioo, swichi inafunga saketi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kirekodi data kinahesabu moja. Eneo la mdomo wa mm 200 ni sentimita za mraba 314.16; zidisha kwa sentimita 0.02, unapata ml 6.28. Namba hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata. Kama mdomo wako una ukubwa mwingine, pima kipenyo cha ndani pande tatu au nne, upige hesabu yako mwenyewe. Vile vidogo vya plastiki vyenye mdomo wa mstatili mara nyingi huja na kipimo cha mm 0.2794; kwa hivyo pima urefu na upana wa ndani.

Mahali pa kukisimamisha hapana njia ya mkato. Kizuizi chochote, mti au paa, kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake unaozidi mdomo wa kipimamvua, na mara nne ni bora zaidi. Mwembe wa mita 9 na mdomo ulio mita 1 kutoka ardhini: tofauti ni mita 8, basi kaa mita 16 au, ukipata nafasi, 32. Mpapai mchanga uhesabu kwa urefu utakaokuwa nao baada ya miaka miwili, si wa leo. Juu ya paa la nyumba sifungi kabisa, hata mwenye shamba akisisitiza kwa sababu ya wezi, maana upepo unaogonga ukuta hupanda na kuyapitisha matone juu ya mdomo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakubali mdomo uwe kati ya mita 0.5 na 1.5 kutoka ardhini. Mimi naweka mita 1, juu ya nyasi fupi. Sakafu ya zege chini yake inarusha maji juu.

Nguzo ni bomba la chuma la inchi 2. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 50, zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na nasubiri siku saba kabla ya kuweka uzito juu yake. Nguzo inayotikisika inapindua vibakuli bila mvua, hasa kibakuli kikiwa kimekaribia kujaa. Juu ya bomba nachomelea bamba lenye matundu matatu ya bolti, kila bolti na nati mbili, moja juu ya bamba na moja chini, ili niweze kuinua upande mmoja kidogo kidogo. Pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, naiweka kwanza kwenye kitako, halafu juu ya mdomo wenyewe pande mbili zinazokatana. Kitako kikiinama kuelekea kibakuli kimoja, kimoja kitapinduka mapema na kingine kitachelewa, na ugezi uliofanya mezani unakuwa hauna maana.

Kabla ya kufunika, toa sponji, kamba au mpira uliowekwa na mtengenezaji kushikilia vibakuli visiumie safarini. Sababu ya kwanza ninayoitafuta kwenye kipimamvua kipya kinachosoma sifuri huwa hiyo.

Upande wa umeme, jaribu swichi kwa multimita ikiwa kwenye mlio: pindua kwa kidole, lazima ilie mara moja fupi kisha inyamaze. Ikilia bila kukoma vibakuli vikiwa vimetulia, sumaku imekaa karibu mno na swichi. Kwenye kirekodi naweka resista ya kiloomu 10 kwenda kwenye volti chanya na kapasita ya nanofaradi 100 sambamba na swichi, kwa sababu swichi hizi zinaruka-ruka zinapofunga na pinduko moja linaweza kuhesabiwa matatu. Kwenye programu napuuza mpigo wowote unaokuja kabla ya nusu sekunde kupita. Hakuna mvua itakayopotea hapo: hata kwa mm 300 kwa saa, mapinduko yanapishana kwa sekunde 2.4. Waya uwe wenye ngao, ngao iunganishwe na ardhi upande mmoja tu, la sivyo kila radi itakuletea mvua ya uongo. Uache uninginie kidogo chini kabla haujaingia kwenye kisanduku, maji yadondokee hapo.

Sasa ugezi. Wengi humimina chupa ya maji kwa mkupuo, wakahesabu, wakaridhika. Kipimo hicho hakisemi chochote. Kibakuli kinapoanza kulala, maji yanaendelea kuingia ndani yake mpaka ukuta wa katikati upite chini ya tone, na maji hayo ya ziada hayahesabiwi. Chukulia inachukua robo sekunde. Kwa mm 50 kwa saa, maji yanaingia ml 0.44 kwa sekunde, kwa hiyo unapoteza kama 1.7% ya kila pinduko. Kwa mm 150 kwa saa hasara inapita 5%. Ndiyo maana kifaa kile kile kinasema kweli kwenye manyunyu na kupunguza kwenye mvua kubwa ya masika. Vipimamvua vyenye sifoni (mrija wa kunyonya maji) chini ya faneli hupunguza tatizo hili kwa kuyatoa maji kwa kasi isiyobadilika, lakini vya bei ya kawaida havina.

Naanza na kila kibakuli peke yake. Nalowesha vyote kwanza, kwa sababu kikavu na kilicholowa havishiki matone sawa. Halafu kwa sirinji ya ml 10 nadondosha polepole, tone kwa tone ukikaribia mwisho, na kuandika ujazo uliopindua. Narudia mara kumi kila upande na kuchukua wastani. Nakubali ml 6.1 hadi 6.5, mradi tofauti ya pande mbili isizidi ml 0.2. Ikizidi, nageuza skrubu za chini, robo ya mzunguko kwa wakati. Hapa ndipo watu wanapotea: skrubu iliyo chini ya kibakuli cha kushoto inapanga ujazo wa kibakuli cha kulia, kwa kuwa cha kushoto kinapokuwa kimelala juu yake ndipo cha kulia kinapojazwa. Ukiipandisha, cha kulia kitapinduka kwa maji machache zaidi. Kaza nati ya kufungia kisha pima tena, maana kukaza kwenyewe husogeza skrubu. Tone la rangi ya kucha juu ya nyuzi za skrubu litakuonyesha baadaye kama kuna mtu amegusa.

Hatua ya pili ni mtiririko. Napima gramu 628 za maji kwenye mizani ya jikoni, sawa na mm 20 za mvua au mapinduko 100, nayapitisha kwenye mpira wa dripu wenye gurudumu la kubana. Kwa mm 25 kwa saa mtiririko ni ml 13 kwa dakika na kazi inachukua dakika 48. Kwa mm 50 ni ml 26 na dakika 24. Kwa mm 100 ni ml 52 na dakika 12. Anza kuhesabu mara tu baada ya pinduko, si vibakuli vikiwa na maji ya katikati. Hata hivyo pinduko moja la mwisho lina utata, na kwa 100 hiyo ni 1% nzima. Ukitaka uhakika zaidi, tumia gramu 1,257. Tuseme kwa mm 50 umepata 98: kila pinduko ni 20 gawanya kwa 98, yaani mm 0.204, na hiyo ndiyo namba ninayoiingiza kwenye programu. Skrubu nazirudia tu kosa likizidi 3%. Kuzigusa kila mara huleta matatizo mengi kuliko yale kunayoyatatua.

Baada ya hapo, maadui ni vumbi, majani ya mwarobaini, kinyesi cha ndege na nyigu. Chujio likiziba utaliona kwenye data: mvua imekatika alasiri, lakini mapinduko yanaendelea mpaka usiku kwa nafasi zinazorefuka taratibu. Osha kwa maji na sabuni kidogo, suuza sana, kwa kuwa sabuni iliyobaki hubadilisha namna maji yanavyoshika kwenye kibakuli. Ekseli usiipake mafuta, yanakusanya vumbi.

Kando yake, mita 2 au 3, nasimamisha kipimamvua cha kawaida kinachosomwa saa tatu asubuhi, sawa na vituo vya hali ya hewa. Kirekodi kikitumia saa za ulimwengu, siku yake ianze saa 06:00. Kwa mvua inayozidi mm 10, tofauti ya zaidi ya 5% inayojirudia inanipeleka kwenye sirinji tena. Ugezi naufanya Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na kila mara nachomoa waya wa kirekodi kwanza, ili zile mm 20 za mezani zisiingie kwenye rekodi ya mvua.