Ulimi wa Kuazima

Bibi Mdogo alinitaka nimpelekee vitu vitatu kutoka Unguja: karafuu za Pemba, upawa mpya wa kifuu, na mimi mwenyewe. Hicho cha tatu alikitaja mwishoni mwa simu, kama jambo la kupita, na nyumbani sote tukacheka. Bibi peke yake hakucheka.

"Huyu hajapata kumwita mtu," alisema. "Nenda."

Ilikuwa Oktoba 2012, Idi ya Mfunguo Tatu imekaribia, nami nina miaka 22. Nimelelewa Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, na bibi yangu mzaa mama, na Bibi Mdogo ni mdogo wake wa tumbo moja. Wawili hao walitengana katika miaka ya 1970. Sultan Qaboos alishika utawala wa Oman mwaka 1970 akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi, na mume wa Bibi Mdogo, ingawa alizaliwa Unguja, aliitikia wito. Akamchukua mkewe mpaka Ibra, mji wa ukoo wao upande wa Sharqiya. Tangu hapo, kila walipoonana ni Bibi Mdogo aliyekuja. Bibi alikuwa hapandi ndege, na hilo alikwishaliapia.

Kutoka Muscat hadi Ibra ni karibu saa mbili kwa gari, na njia nzima ni milima ya mawe matupu. Nilikuwa nikijiuliza mtu aliyekulia kwenye minazi amewezaje kuishi hapa. Lango lilipofunguliwa nikapata jibu. Uani, chini ya mtende, iliwekwa mbuzi ya kukunia nazi, mbao yake imeng'aa kwa miaka ya kukaliwa. Nazi zilikuwa zikitoka Salalah, kusini kabisa ya nchi, ambako inastawi minazi na migomba. Bibi Mdogo alitoka jikoni amejifunga kanga, akaipokea shikamoo yangu, akaushika uso wangu kwa mikono miwili. Kisha akauliza: "Karafuu ziko wapi?"

Jumatano kabla ya Idi tulikwenda sokoni. Ibra ina soko la Jumatano la wanawake: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Kila baada ya hatua chache mtu alimsimamisha Bibi Mdogo kwa Kiswahili, tena kile cha mjini cha zamani, chenye salamu ndefu zinazopita kwa watoto na wajukuu mpaka ziufikie mguu unaouma. Tulinunua giligilani, pilipili kavu, thomu, ngano ya kubwaga. Kila alichokishika alinisogezea puani. "Nusa hii. Iko vipi?" Nilidhani ananipa mtihani, kuona dada yake kanifunza nini. Nikajibu kwa bidii. Penye bizari nzima alikuwa keshalipa kabla sijainusa, na nilipoinusa ilikuwa imekufa, ina harufu ya vumbi la kabati. Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu, anasubiri jibu.

"Nzuri," nilisema, na nikaona haya kwa kusema hivyo.

Kesho yake ilikuwa siku ya Arafa na nyumba nzima ilifunga. Usiku, baada ya kufuturu, wake za wanawe walikwenda kuwalaza watoto. Bibi Mdogo aliniita jikoni, akarudisha mlango, akakaa kwenye kibao.

"Mwanangu, ile bizari ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa mbovu, Bibi."

Akatikisa kichwa taratibu. Alipata mafua makubwa miaka miwili nyuma, akaniambia, yakaondoka na harufu yote. Chumvi anaijua, sukari anaijua, pilipili inamwasha. Basi, hakuna zaidi. Pilau kinywani mwake ni wali wenye chumvi. Mama yao alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba, na alikuwa na msemo kwamba karafuu isiyo ya Pemba ni kijiti. Wote wawili walikua nao. Tufani ya 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja ikaisaza ya Pemba, na yule mama alizungumza kana kwamba Mungu ndiye aliyeamua shauri lile.

"Sasa hata ya Pemba kwangu ni kijiti," Bibi Mdogo alisema.

Hakuna aliyejua. Idi tatu amekuwa akipika kwa mkono na kwa kumbukumbu: konzi ya hiki, kitanga cha kile. Viungo vya shuwa, ile nyama ya Idi inayookwa shimoni, ya ukoo mzima, nyumba za wanawe na za shemeji zake, vilikuwa vikitoka mkononi mwake. "Wakijua watanipumzisha," alisema. "Watanikalisha na tasbihi. Mimi sijachoka." Halafu akanishika goti. "Mimi na dada tulifundishwa na mama mmoja, na dada kakufundisha wewe. Ulimi ni ule ule. Niazime siku hizi tatu."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Hata Bibi. Hasa Bibi.

Ngano ilikuwa imerowekwa tangu mchana. Kabla ya alfajiri tulikuwa jikoni, nyama imekwisha kuiva mpaka inachambuka, ngano imefumuka, na kazi iliyobaki ni mwiko. Aliyepika bokoboko anajua kwamba bokoboko halikorogwi, linapigwa. Unakandamiza kwenye ukingo wa sufuria, unavuta, unageuza, mpaka ngano na nyama visijuane tena na mwiko ukiinuliwa unavuta uzi. Mkono wa Bibi Mdogo haukuwa na shida yoyote. Alijua kwa uzito wa mwiko lini aongeze maji na lini apunguze moto, na mimi nilikuwa nimechoka kabla yake. Nilichompa ni ulimi tu. Nilionja, nikamwambia mdalasini umekaa chini sana. Akaongeza. Nikaonja tena.

"Kama la dada?"

"Lako limelainika zaidi."

Alicheka kimya kimya, bega linamtetemeka.

Sufuria la pili lilikuwa la wakwe zake: arsiya, ambayo ni bokoboko la Kiomani la mchele, wanalila kwa mchuzi wenye uchachu wanaouita tursha. Letu lilimiminiwa samli na kutiwa vitunguu vya kukaanga juu, na sukari pembeni kwa anayetaka. Wanaume waliporudi kuswali Idi masinia yote mawili yalitandikwa pamoja, na niliona kitu nilichokipenda: watu wazima waliozaliwa Unguja walikwenda kwenye ngano bila kuuliza, watoto wao waliozaliwa Ibra walikwenda kwenye mchele, na wajukuu wakala huku na huku kwa mkono mmoja. Kisha ikaja kahawa chungu ya hiliki, na halua. Mpaka leo nashikilia kwamba halua ya Oman na halua ya Wete ni ndugu, na kwamba ya Wete inateleza vizuri zaidi kooni.

Baada ya kuchinja tukaingia kwenye viungo vya shuwa. Hapa ndipo ninaporudi mara kwa mara katika fikra zangu.

Beseni lilikuwa pana kama la kufulia. Ndani yake thomu iliyopondwa, giligilani, bizari nzima (nyingine, niliyoichagua mwenyewe kwa jirani), pilipili manga, hiliki, mdalasini, pilipili nyekundu, siki na mafuta. Mwishoni kabisa alizitwanga karafuu nilizozileta, kwenye kinu kidogo cha shaba, na jiko zima likajaa. Mimi macho yalinitoka machozi. Yeye alitwanga kana kwamba anatwanga mchanga. Akazitia nusu, akachanganya kwa mkono mpaka kiwiko kikawa chekundu, akanipa ncha ya kidole.

"Zimetosha?"

Ulimi wangu ulikuwa umechoka. Tangu alfajiri nilikuwa nimeonja kila kitu, na pua yangu imezoea. Nilionja nikapata pilipili, nikapata siki, karafuu nikaziona kwa mbali. Niliogopa kumwangusha. Nikaogopa zaidi kumwambia kwamba na mimi, kwa wakati ule, nilikuwa sina hakika.

"Ongeza kidogo, Bibi."

Akatia zote zilizobaki.

Mapande ya mbuzi yakapakwa, yakachanjwa na kujazwa viungo ndani ya michanjo, yakafungwa kwa majani makavu ya mgomba, kisha yakatiwa kwenye vifuko vya makuti ya mtende vilivyosukwa kwa kazi hiyo. Kila nyumba hufunga mfuko wake kwa waya wenye alama yake, maana shimo ni moja kwa mtaa mzima. Alama ya Bibi Mdogo ilikuwa vitanzi vitatu. Jioni wanaume walivibeba hadi tanuri, shimo refu lililojengwa kwa mawe ardhini, kuni zimewaka humo tangu mchana na sasa yamebaki makaa. Vifuko vinatupwa vyote kwa mpigo mmoja, mfuniko wa chuma unashushwa, na watu wanakimbilia kuuziba kwa udongo wenye maji. Panapotoka hata uzi wa moshi mtu anapakandika, kwani hewa ikiingia moto unaamka na asubuhi mnafukua majivu. Baada ya hapo hakuna mwanadamu wa kuonja wala kurekebisha. Siku ya pili ni ya mishikaki, inayochomwa kwenye vijiti vya kuti la mtende, na tulikula tukishinda nje. Lakini mimi akili yangu ilikuwa chini ya ule udongo.

Asubuhi ya siku ya tatu walifukua. Mfuniko ulipoinuliwa mvuke ulipanda na kelele za watoto zikapanda nao. Vifuko vilitoka vyeusi, vimeungua ukingoni, vinachuruza mafuta. Tukautafuta waya wa vitanzi vitatu. Nyumbani Bibi Mdogo alikata majani kwa kisu mwenyewe, na nyama haikukatwa: aliushika mfupa, akauvuta, ukatoka mweupe mtupu kama umeoshwa. Nyama ikabaki kwenye wali imelala, imeiva mpaka ndani ya nyuzi, rangi ya kahawia iliyokoza.

Vidole vyake vilikwisha kupata jibu lao. Akaniinamia. "Niambie."

Nikamwambia sikioni, kwa sauti ya chini, watu wanagombania masinia. Nilimwambia kuna harufu ya jani la mgomba, kama pale ua wa nyuma Ng'ambo tunapochoma taka baada ya mvua. Nikamwambia moshi uko nyuma sana, hauchomi. Thomu imeyeyuka, imekuwa tamu. Na karafuu?

"Karafuu ni bandarini Unguja," nilisema, "siku meli inapopakia."

Alifumba macho. Wanawe walikuwa wakisifu, mmoja amesimama na kipande mkononi anasema ya mwaka huu haijapata kutokea. Bibi Mdogo alitia tonge kinywani akatafuna polepole, akiwasikiliza.

Siku ya kuondoka aliniwekea pande moja, limegandishwa, limefungwa ndani ya jani lake na nguo tatu. Nilifika Ng'ambo jioni. Bibi alitaka lipashwe pale pale, kwa mvuke, lisiguswe na kitu. Akakaa kwenye mkeka, akasema bismillahi, akala tonge la kwanza. Akanyamaza. Akala la pili.

"Nani alionja?"

"Mimi, Bibi."

"Na yeye alikuwa wapi?"

Nilikuwa nimeapa. "Alikuwepo. Alikuwa hapo hapo."

Alitafuna kwa muda, anatazama sahani. "Karafuu zimezidi," alisema. "Mdogo wangu hazidishi karafuu."

Sikuwa na la kusema. Nilisimama na kitambaa cha kufutia mikono, yeye akaosha mkono wake taratibu, kidole kwa kidole, akaniambia nimpigie simu Ibra. Niliogopa atauliza. Hakuuliza. Alisema, "Imefika. Tamu, mdogo wangu. Mkono wa mama huu." Halafu akasikiliza kwa muda mrefu sana, akiitikia ehe, ehe, na kanga yake ameishika puani.

"Mwakani," alisema mwishowe, "mwambie mwanao anitafutie tiketi. Nitakuja tuoneshane kazi jikoni."

Akanipa simu, akaniagiza niifunike sahani kwa kawa, isije ikaingiwa na paka.