Siku Niliyokitafuta Kikao

Daktari ndiye aliyenitajia Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amenilaza wodini baada ya kunikataza katakata kuacha pombe kwa ghafla nikiwa peke yangu nyumbani. Mwili uliozoea kunywa sana kila siku, alinieleza, ukikatiwa mara moja unaweza kuingia degedege, na wapo wanaokufa. Mimi nilidhani pombe inaua kwa kunywewa tu. Siku ya kuniruhusu alisema, "Dada, mwilini imetoka. Ya kichwani sina dawa yake. Katafute wenzako."

Nilikasirika. Wenzangu niliowajua mimi walikuwa wale wa baa, nao hawakuhitaji kutafutwa.

Hawa wengine walinisumbua kuwapata. Bango lao sikuliona popote, na orodha ya wanachama hawana, maana kusitiriana ndio msingi wao. Nilichopata ni namba ya simu. Nikapiga, nikakata kabla haijaita. Nikapiga tena. Akapokea mwanamume, sauti ya mtu mzima. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali: nakunywa kiasi gani, tangu lini, nani kanituma. Hata uongo wa kupunguza kiasi nilikuwa nao tayari, na kwa fani hiyo nilikuwa bingwa. Hakuuliza hata moja kati ya hayo.

"Unataka kuacha?"

"Ndiyo."

"Basi sharti umelitimiza. Hatuna lingine."

Akanieleza kuwa kuna vikao vya wazi, ambavyo yeyote anaweza kuhudhuria, hata ndugu wa mnywaji au mtu anayetaka kujifunza tu, na vingine ni vya wenye tatizo lenyewe peke yao. Nikachagua hivi vya pili upesi, nisije nikakutana na mtu anayenifahamu. Kabla sijasema sababu akaongeza, "Na ukimkuta anayekujua, dada yangu, muulize yeye kafuata nini."

Anwani ilinifikisha kwenye jengo la kanisa, mlango wa ubavuni. Nikaingia chumba cha kwanza chenye watu. Walikuwa wamesimama kwa mistari, mmoja akanipa karatasi na kunisogezea nafasi. Kwaya! Walikuwa katikati ya mazoezi. Mtu mwenye akili zake angeomba radhi akatoka, lakini kuomba radhi kungeleta swali kwamba natafuta nini, na hilo sikuwa tayari kulijibu mbele ya sauti zote nne. Kwa hiyo nikaimba. Nilimaliza ubeti mzima wa wimbo nisioujua, nikisaidiwa na mama mmoja aliyenionyesha mstari kwa kidole. Kiitikio kilipokwisha akaniinamia sikioni: "Nadhani wewe ni wa kule chini, mwanangu. Ngazi ya kushoto."

Nikarudisha karatasi. Ndivyo nilivyojua kuwa siri yetu kubwa waimbaji walikuwa nayo zamani, na hawakuwahi kuifanyia chochote.

Chini kulikuwa na viti vimepangwa duara na watu wachache, wengine wamevaa vizuri kuliko daktari wangu. Kila mtu alitaja jina moja tu, akasema ni mlevi kwa sauti ile ile ambayo angetajia kazi yake, kisha akazungumza bila kukatizwa wala kujibiwa wala kushauriwa. Zamu yangu ilipofika nilisema nasikiliza tu, ikapita. Kikapu cha mchango kilipozunguka nilikuwa nimekunja noti kiganjani, nikiamini hapo ndipo bei itajulikana. Jirani yangu akakipitisha mbele yangu, akanong'ona kuwa mgeni hatoi, na kwamba wa nje hata akitaka kuwafadhili hawapokei.

Mwenye sauti ya simuni ndiye aliyeongoza kikao. Alisimulia walikotokea, nadhani kwa ajili yangu. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, Ohio. Dili lake lilikuwa limevunjika, na alikuwa hajanywa kwa miezi mitano hivi. Akiwa kwenye ukumbi wa hoteli alisikia kelele za baa. Badala ya kuingia akaifuata simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa akiomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye. Mama mmoja wa mji ule, Henrietta Seiberling, akamkutanisha na daktari mpasuaji, Bob Smith, naye mlevi, aliyekubali kumpa dakika 15. Walizungumza zaidi ya saa sita. Bob alikunywa mara yake ya mwisho tarehe 10 Juni, na hiyo ndiyo wanayoihesabu kuwa siku ya kuanzishwa kwao.

Kilichonigusa si tarehe. Bill hakupiga simu zile kwa ajili ya kumwokoa mtu. Alikuwa anamtafuta mlevi mwenzake ili yeye mwenyewe asinywe usiku ule. Nikamtazama yule mzee aliyepokea simu yangu, nikaanza kujiuliza ni nani alimsaidia nani jioni ile.

Walipoanza kutawanyika alinifuata. Sikuulizwa nimejisikiaje. Alisema mpanga viti wao atasafiri wiki ijayo, je, naweza kuwahi kidogo?

Nilitaka kumwambia sijaamua kama nitarudi.

"Saa ngapi, mzee?" nikauliza.