Kitabu cha adhabu na vingine nilivyokabidhiwa

Barua ya uteuzi ilinifikia Jumatano, na kabla jua halijazama simu ilikuwa imejaa pongezi. Wengi walianza na "Hongera Madam", kisha wakaja na lile lile: laki mbili hiyo, usitusahau. Ni kweli, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hulipwa posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kazi yenyewe naiweza. Swali hilo nimeachiwa mwenyewe, na hii ni wiki ya tatu nalala nalo.

Tangu niajiriwe mwaka 2014 nimefundisha chini ya wakuu wanne. Wawili sitawaeleza hapa. Siyo kwamba nawastahi, ni kwamba nikikaa nikumbuke walichofanya sipati kitu, na nadhani hilo nalo ni jibu. Waliobaki ni Mzee, aliyenipokea kazini, na yule kijana aliyekuja baadaye.

Kwa Mzee nilifika nikiwa na godoro na sanduku moja, juu ya lori la magunia, katika kijiji cha wakulima wa tumbaku mkoani Tabora. Ajira mpya anajua shida yake: mshahara wa kwanza huchelewa, na fedha ya kujikimu ikiisha huna pa kushika. Mwezi wangu wa pili kazini nilikuwa nakula uji mchana na uji usiku, na nilidhani nimeficha vizuri. Siku moja Mzee akaniambia nimsindikize dukani. Akamwamkia mwenye duka kwa Kinyamwezi, mwangaluka, wakacheka mambo yao, halafu akaomba daftari la mikopo. Akaandika jina langu kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, chini yake akaandika "mdhamini", akasaini. Njia nzima ya kurudi alizungumzia paa la darasa la nne. Suala la duka hakuligusa tena mpaka nilipomaliza deni, na hata hapo alitikisa kichwa tu.

Alikuwa na kalamu nyekundu mfuko wa shati. Saa moja na nusu asubuhi, hata kama mvua inanyesha, alichora mstari kwenye kitabu cha mahudhurio ya walimu. Aliyechelewa alisaini chini ya mstari. Wakuu wote huchora. Mzee nimemwona kwa macho yangu akifika saa mbili kasoro, baiskeli imepata pancha, akakuta msaidizi wake ameshachora, naye akasaini chini bila neno. Baada ya siku ile sikuwahi kumsikia mwalimu yeyote akilalamikia mstari.

Lakini kalamu ile naikumbuka zaidi kwa kitabu kingine.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi, ingawa ukiingia shule nyingi utadhani hazijawahi kuandikwa. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Visizidi vinne. Na kila tukio liandikwe kitabuni: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa, mkuu asaini. Mzee alikuwa na kitabu hicho, amekifungia kabatini pamoja na mhuri. Ila kwenye kurasa zake, kwa rula na kalamu nyekundu, alikuwa amechora safu moja ambayo kanuni haiitaji. Juu yake ameandika "Sababu".

Ilikuwa Machi 2015, mwaka wangu wa kwanza kuanza darasa tangu Januari. Kulikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyesinzia kipindi cha Hesabu siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilimchapa. Sikumbuki vingapi, na hilo lenyewe linanitosha aibu. Ruhusa ya maandishi sikuwa nayo, wala sikujua kama inatakiwa. Chuoni tulifundishwa andalio la somo kwa wiki nzima, hili la viboko lilipita kama upepo.

Mapumziko Mzee akaniita. Nilijiandaa kugombezwa, tena nilitaka anigombeze nimalize. Akafungua kabati, akatoa kitabu, akanisogezea kiti.

"Andika, mwanangu."

Nikaandika jina. Darasa. Kosa: kusinzia darasani. Idadi nikaandika vinne, nikijua nimekadiria. Nikafika kwenye safu nyekundu, nikaandika tena: kusinzia darasani.

"Hilo ni kosa," akasema. "Sababu yake?"

Sikuwa nayo. Akanyamaza. Nje watoto walikuwa wanacheza rede, na nakumbuka nilisikia kila kelele yao. Mwishowe akachukua kitabu, hakusaini, akakirudisha kabatini. "Ikipatikana utakuja kujaza."

Kesho yake jioni tukaenda wote kwa akina mtoto. Msimu ule ukipita huko usiku unaona moshi kila upande: mabani, vile vibanda virefu vya kukaushia tumbaku, na moto wake haupaswi kuzimika wala kuzidi, siku na usiku, mpaka jani likauke. Baba mtu alikuwa mgonjwa wa mgongo. Aliyekuwa akilinda moto usiku ni yule yule wangu wa Hesabu. Mzee hakumhubiria mtu. Aliuliza bani limebakiza siku ngapi, akauliza kama kuna ndugu wa kupokezana zamu, akakaa mpaka akapatikana binamu wa kushika zamu kuanzia saa sita usiku. Kisha akaniangalia mimi: je, Madam anaweza kumpa huyu kijana nusu saa baada ya vipindi, wiki hizi mbili? Madam aliweza. Hakuwa na uso wa kukataa.

Safu nyekundu niliijaza Jumatatu. Sijamchapa mtoto tangu hapo. Siyo kwamba nimekuwa malaika. Kila nikishika fimbo naiona ile safu.

Sasa nisije nikamfanya Mzee mtume. Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, darasa la kwanza walifurika zaidi ya mia mbili kwa walimu wawili, na yeye akaandikisha wote, hata waliotoka kijiji cha jirani chenye shule yake. Tulimchukia mwezi mzima. Kwenye fedha alikuwa mwaminifu kupita kiasi: ruzuku ikiingia alibandika hesabu ukutani, wanafunzi 640 mara shilingi 500, chaki kiasi gani, rimu ngapi, kimebaki nini. Lakini risiti zilimshinda. Chaki alinunua duka la kijijini, ambalo mashine ya risiti hawajawahi kuiona, na mkaguzi wa hesabu hapokei neno la mwenye duka. Akaandikiwa hoja ya ukaguzi. Mifumo ya kompyuta ilipofika alimkabidhi mwalimu mmoja nywila, akawa anasaini anachoambiwa. Bahati yake yule mwalimu alikuwa mtu safi. Angekuwa mwingine, Mzee angestaafia mahakamani.

Yule kijana, mkuu wangu katika shule ya pili niliyohamia, alikuwa kinyume cha Mzee. Zilikuja shilingi milioni 40 za vyumba viwili vya madarasa, ujenzi wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi, na yeye alihesabu saruji mfuko kwa mfuko, akawabana mafundi, tukamaliza kabla ya muda. Namvulia kofia. Shida ilikuwa kundi la WhatsApp. Kila agizo kutoka juu lilitua kwetu kama lilivyo, saa nne usiku, limeandikwa "kwa utekelezaji": takwimu za madawati, za matundu ya vyoo, za wasiojua kusoma, zote zitakiwe kesho kabla ya saa tatu. Asubuhi walimu sita wako ofisini wanajaza majedwali, madarasa sita yanapiga kelele. Takwimu hizo hizo Mzee alizipata vilevile, ila alizijaza mwenyewe usiku kwa taa, na sisi tulizisikia baadaye kama hadithi.

Ndiyo maana nikipewa zile orodha za sifa za kiongozi bora, maono, mawasiliano, ushirikishwaji, nazisoma kwa heshima na kuziweka pembeni. Ninachojiuliza ni kidogo zaidi: mzigo ukishuka, utaishia mezani kwangu au utapita?

Makabidhiano yalichukua asubuhi nzima. Mhuri, funguo, leja, vitabu vya kiada, madawati ambayo kwenye karatasi ni mengi kuliko yanayokaliwa. Na kitabu cha adhabu, kikubwa, jalada gumu. Nilikifungua: kurasa nyeupe, kipya kabisa. Nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu kulikuwa na fimbo tano zimeng'aa kwa kushikwa.

Sikusema kitu. Jumatatu niliziingiza fimbo kabatini, nikachora safu kwa kalamu nyekundu, nikakiweka kitabu juu ya meza ya walimu.

Ijumaa nilikuta mstari mmoja umejazwa nusu. Jina la binti wa darasa la tano. Kosa: utoro. Idadi: sifuri. Sababu pamebaki wazi, na mwalimu wake akanisubiri mlangoni kuuliza hapo aandike nini. Nyumbani kwao ni ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa miguu. Mwalimu ana pikipiki. Tumekubaliana twende kesho asubuhi, mafuta naweka mimi.