Nilivyompa mwanangu jina la Fumo na wakwe wakaridhia

Mwanangu wa pili wa kiume anaitwa Fumo Bakari. Hapa Mombasa jina la Fumo watu wanalijua, ila wanalijua kitabuni. Ukilitaja, mtu atakuuliza, "Fumo Liyongo?" yaani yule shujaa wa hadithi za kale za pwani, kisha akusubiri umwambie unamtania. Madrasa ya mtaani kwetu imejaa akina Rayyan na Zayn, akina Omar na Muhammad wapo kama kawaida, lakini ustadhi akiita Fumo anainuka mmoja tu. Kina mama kadhaa wameniuliza nililipitishaje jina hilo nyumbani, maana wao pia wana majina ya mababu waliyoyaficha moyoni, na kila wakiyagusia wanaambiwa hayo ni ya kizee.

Mimi upande wa mama kwetu ni Kipini na Witu, huko pwani ya kaskazini. Babu yake mama aliitwa Fumo, na jina lake lilikuwa limebaki mwishoni mwa majina ya wajomba zangu, pale ambapo karani nafasi ikimwishia hukata. Ndivyo majina yetu ya kale yanavyopotea. Kwanza linakuwa la mtu, halafu la baba, halafu la babu, halafu kitambulisho kipya kinatoka halimo, na hakuna aliyeuliza. Bibi yangu ndiye aliyekuwa akiuliza. Kila mjukuu akizaliwa, swali lake lilikuwa hilo kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu: "Na ina la baba yangu, halina mtu?"

Kwetu pwani mtoto wa kwanza wa kiume humrithi babu yake mzaa baba. Deni hilo nilishalilipa kwa kifungua mimba wangu. Huyu wa pili kwa mila ni zamu ya kwetu, kwa hiyo nilidhani nina haki yangu mkononi. Lakini mama mkwe alikuwa amefiwa na kaka yake, Abubakar, mimba yangu ikiwa changa, na tangu siku ya matanga kila aliponiona tumbo alikuwa akisema, "Bakari wangu anarudi." Utamwambiaje mfiwa kwamba zamu si yake?

Sikumwambia. Nilianza kwa kulitafuta jina lenyewe, nijue ninachokitetea. Mtandaoni nililetewa picha za vidoli vya Kijapani vya kitambaa vyenye vichwa vikubwa, vinavyoitwa hivyo hivyo Fumo, na kuelezwa kwamba kwa Kireno na Kiitaliano neno hilo ni moshi. Orodha za majina ya watoto hazikunisaidia kitu. Ukizisoma utadhani pwani yetu haijawahi kuwa na majina yake. Nilichokipata cha maana nilikipata kwa wazee na kwenye kamusi za zamani. Humo fumo ni mambo mawili: mkuki wenye bapa pana, na mkubwa wa watu, mtawala. Hilo la pili lina ndugu mbali sana na sisi. Wachewa wa Malawi wanamwita chifu mfumu, Wabemba wa Zambia wana neno hilo hilo, na Wareno walipofika bonde la Zambezi waliwaandika wakuu wa vijiji kwa jina la fumo. Kumbe si jina la Waamu peke yao. Ni la Kibantu kabisa, lilikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria kuja na jahazi.

Lakini lililoniokoa ni jingine. Nilipofuatilia watawala wa kale wa kisiwa cha Pate na wa Witu niliona kwamba Fumo halikai peke yake. Yule sultani wa Pate aliyetawala mpaka 1809 jina lake rasmi lilikuwa Muhammad bin Abubakar, ila watu walimwita Fumo Madi, Madi ikiwa ni Muhammad kwa kifupi. Witu nako alikuwako Fumo Bakari, na baadaye Fumo Omari. Yaani mtu alipewa jina lake la dini kama watoto wengine, kisha Fumo likatangulia mbele kama kilemba. Mimi nilikuwa nikililia Fumo, mama mkwe akililia Bakari, kumbe huko kwetu majina hayo mawili yalishatembea pamoja zaidi ya miaka mia iliyopita.

Nilinyamaza nalo mpaka nilipojifungua. Hospitalini jina huulizwa mama angali kitandani, na wengi hutaja lolote ili waandikiwe ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa waende zao. Nilimwomba muuguzi sehemu ya jina aiache wazi kwanza, akakubali bila maneno. Ukitaka jina lisilo la kawaida, hapa usikubali kuharakishwa, kwa sababu kilichoandikwa kwenye karatasi ile ndicho kitakachokufuata.

Mama mkwe alikuja kunikanda na kumwosha mtoto, na nilimwambia pale pale, mtoto akiwa mapajani mwake kwenye taulo. Bakari alilipokea kwa machozi. Fumo akalikataa hata sijamaliza.

"Si yule aliyeuawa na mwanawe?"

Nikamwambia ndiye, lakini Fumo ni wengi.

"Aliyechomwa sindano ya shaba ya kitovu?" Akanyanyua taulo akanionyesha kitovu cha mtoto, kibichi bado, kimefungwa kile kibanio cha plastiki. "Hiki hata hakijadondoka, mwanangu, na wewe unamletea jina la mtu aliyekufa kwa kitovu."

Nakiri hapo alinishika. Hadithi ya Liyongo kila mtu wa pwani anaijua. Jitu la watu, mshairi, shujaa asiyepenywa na mkuki wala mshale, mpaka sultani wa Pate alipomrubuni kijana wake mwenyewe kwa ahadi ya uwaziri na kuozwa binti wa mfalme, amuulize baba ni kitu gani kinachomuua. Baba akajua anauzwa, na bado akamwambia. Ukiisikia ukiwa mtoto unamwonea huruma Liyongo. Ukiisikia ukiwa mzazi wa siku chache, na mkweo amekishika kitovu cha mwanao, inakuwa kitu kingine.

Nilichomjibu ni kwamba katika hadithi ile aliye mwovu ni kijana, na kijana yule hatajwi hata jina. Wala hiyo harusi aliyoahidiwa hakuipata. Sasa nani hapo amechafua jina la Fumo? Kisha nikamkumbusha Mbwasho, mama yake Liyongo. Mwanawe alipofungwa Pate, ndiye aliyeoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, akijua walinzi watakula chakula kizuri na mkate wa makapi watamtupia mfungwa. Liyongo akakata pingu huku nje ngoma ya gungu inapigwa, wasimsikie. "Mimi ndiye mama yake, Mama," nikamwambia. "Mkate nitauoka mimi." Alicheka bila kutaka kucheka. Hakusema ndiyo, ila aliendelea kumsugua mtoto na kumwita Bakari, na mimi nikaona nusu ya njia nimeshaivuka.

Mume wangu shida yake ilikuwa shuleni. Watamwita Fumbo, alisema, na watamwita Fumu. Nikamwuliza yeye na lile jina lake zuri la Kiarabu walimwitaje shuleni, akakataa kunitajia, mjadala ukaisha. Baadaye alisoma mwenyewe habari za Fumo Bakari wa Witu akarudi na hoja nzito zaidi: mtu huyo alianza kutawala 1889, mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wakimlinda wakamwachia Mwingereza kwa mkataba ule uliowapa kisiwa cha Heligoland, Septemba Mjerumani Küntzel na wenzake wakauawa Witu, na Oktoba manowari za Kiingereza zikaleta askari chini ya Admirali Fremantle wakauchoma mji. Fumo Bakari alikimbilia msituni na akafa Januari 1891. "Hilo ndilo jina la baraka?" aliniuliza. Nikamwambia waliouchoma mji si yeye. Kwa upande wa mama, watu wa Witu hawamkumbuki kama mtu wa mkosi. Wanamkumbuka kama mtu ambaye alikataa. Hapo tulitofautiana na mpaka leo tunatofautiana, lakini alisema kama maalimu ataliridhia, yeye hana neno.

Kwa hiyo nilimtuma kaka yangu kwa maalimu kabla ya siku ya saba, pamoja na maana zote mbili, sikuficha ya mkuki. Maalimu alilipima kweli kweli. Alisema jina si lazima liwe la Kiarabu, linatakiwa liwe na maana njema. Kujiita mfalme wa wafalme kumekatazwa katika hadithi za Mtume, lakini mkubwa wa watu si mfalme wa wafalme. Kuhusu mkuki alisita kidogo, kwa sababu jina la Harb, vita, limo katika yaliyochukiwa. Kisha akacheka mwenyewe. "Na Seif tunao wangapi mtaani? Seif si upanga?" Akamwambia kaka yangu aende akanunue mbuzi.

Siku ya akika mtoto alinyolewa, nywele zikapimwa na thamani ya uzani wake kwa fedha ikatolewa sadaka, na jina likatajwa kwa sauti mbele ya wazee: Fumo Bakari. Bibi yangu alikuwa kwenye simu kutoka Kipini, spika imefunguliwa. Aliomba lirudiwe. Likarudiwa, akaomba tena.

Makaratasi ndiyo yaliyotaka akili. Majina yetu yanakwenda mtoto, baba, babu, kwa hiyo karani akiona "Fumo Bakari" haraka haraka anafahamu kwamba Bakari ndiye baba. Nilikwenda na jina zima limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nimelipigia mstari: majina ya mtoto ni haya mawili, jina la baba ni hili la tatu. Na bado nilipoonyeshwa kilichoingizwa kwenye kompyuta, Bakari alikuwa amekwenda kukaa kwenye nafasi ya baba. Kilirekebishwa pale pale kwa sababu kilikuwa hakijachapwa. Usitie sahihi kabla ya kusoma herufi kwa herufi. Na kama umeshachelewa, sheria ya Kenya inaruhusu jina la mtoto kubadilishwa ndani ya miaka 2 tangu kusajiliwa, kwa hiyo usikate tamaa, lakini utapanga foleni upya na utalipa.

Kuna aliyenishauri niyaunganishe, Fumobakari, neno moja, kuondoa utata. Nilikataa. Yakiunganishwa, mjukuu wake atakuja kulikata katikati, na bila shaka kitakachobaki ni Bakari.

Mama mkwe anamwita Bakari. Bibi anamwita Fumo, na siku akimtaka sana anamwita baba. Mume wangu humwita Fumo siku zote, isipokuwa mtoto akimwaga uji, hapo utasikia yote mawili na la ukoo juu yake.